Nambari Moja Hajafika

Shambani, 3 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, presha yangu ni ya msichana wa miaka ishirini. Hofu ni juu yako wewe na chai yako ya sukari vijiko vinne.

Barua yako nimeipata. Mwandiko umekuwa mkubwa kama tangazo la mnada, karatasi nne kwa maneno ambayo zamani ungeyamaliza nyuma ya bahasha. Nikasema haya, mwenye duka la ushonaji mjini lazima aringe hata kwa herufi.

Unauliza kama nimeshachoka. Sijachoka. Nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na minane, nimepokea watoto wasio na idadi na kuwamwagia maji baba zao waliozimia, leo nishindwe na robo tatu ya eka? Makubaliano yetu nayakumbuka, usinikumbushe kila barua kama mtu anayemdai jirani ungo. Ardhi ya Mama ni yetu wawili. Wewe unataka tumkodishe mfyatua matofali. Mimi nataka iwe shamba lisiloguswa na dawa wala mbolea ya gunia, na mtu yeyote wa mtaani aje ajifunze bure. Nikifika tarehe 30 Juni na wanafunzi kumi na wawili, matofali yatafute kwingine. Akipungua hata mmoja, natia saini. Nimesema, na mimi nikisema nimesema.

Usiniambie nipige simu. Maneno ya simu hayana saini, na mgonjwa asiyeandikwa hajatibiwa. Daftari nimelifungua juzi. Ni lile la wodini lililobaki nilipostaafu, lina safu zake: nambari, jina, siku ya kufika, tatizo, tiba. Nambari moja imeshachukuliwa. Usiulize ni nani.

Matuta yangu nayaita vitanda. Kila kitanda kina kadi yake: siku ya kupandwa, siku ya kutazamiwa kujifungua, anakunywa maji mara ngapi kwa siku. Hakuna kugusa mche bila kunawa mikono. Mgonjwa wangu mkuu ni lundo la mboji. Nimelijenga kama tulivyoelekezwa kwenye semina: majani makavu, majani mabichi, samadi, udongo kidogo, halafu unaanza tena, tabaka juu ya tabaka. Semina ilikuwa ya siku mbili. Siku ya pili sikwenda, maana mwalimu mwenyewe huenda mama yake nilimzalisha mimi.

Ni mimi dada yako,
Mkunga (mstaafu, si marehemu)


Mjini, 15 Machi

Wembe, ndugu yangu,

Tangu tunyolewe vipara na yule mwalimu wa darasa la tatu, mimi na wewe hatujafichana kitu. Ndiyo maana wewe ukawa kinyozi, kulipiza kisasi kwa vichwa vya watu.

Nina shida. Saluni yako inatazamana na shamba la dada yangu. Nataka uwe macho yangu pale. Ingia kama mtu anayetaka kujifunza, hesabu watu, kisha uniandikie kweli tupu. Anasema nambari moja imeshachukuliwa lakini jina hataji. Nahisi ni kuku.

Usinione mbaya. Mfyatua matofali ni mtu wa kueleweka, na umri umekwenda, Wembe. Mtu lazima ajue kesho atakula wapi bila kumwegemea mtu. Mchicha hauwezi kunihakikishia hilo. Mimi mwenyewe kuja siwezi, oda zimenizidi, cherehani inanguruma mchana kutwa.

Dada asijue. Akijua, utanizika wewe.

Suruali yako uliyoagiza naituma pamoja na barua hii.

Sindano


Saluni, 2 Aprili

Sindano,

Nimefika, nimeona, nimenawa mikono. Nimenawa mara tatu, maana mara mbili za kwanza Nesi, dada yako, alisema nimejipaka maji tu.

Alinikalisha kwenye benchi akafungua daftari. "Tatizo lako nini?" Nikamjibu kwa heshima, "Dada, nataka kujifunza kilimo." Akanitazama juu hadi chini, akaandika huku anasema kwa sauti: "Tatizo, uvivu na mgongo. Tiba, koleo." Basi mimi ndiye nambari mbili. Nikamuuliza nambari moja ni nani. Akasema, "Amechelewa." Nimekwenda Jumamosi tatu mfululizo, huyo nambari moja sijamwona hata kivuli. Kuku nao nimewachunguza, hawakuandikwa.

Sasa sikiliza balaa. Lile lundo la mboji lilianza kupata joto. Wewe na mimi tungesema sawa, joto ni joto. Dada yako aliingiza mkono, akautoa, akasema, "Homa!" Akaleta kipimajoto chake cha wodini. Kikagoma, maana kimetengenezwa kwa binadamu na lundo lilikuwa limeshavuka digrii za binadamu yeyote aliye hai. Hapo ndipo alipochachamaa. Tulilikanda lile lundo kwa mataulo ya maji baridi, Sindano. Mimi na watu wazima wengine wanne, tumepiga magoti, tunakanda takataka! Mmoja alipewa sinia apepee. Asubuhi na jioni lilimwagiwa ndoo sita. Homa ikashuka kweli, na kadi ikaandikwa "anaendelea vizuri."

Haendelei vizuri. Ananuka. Limekuwa tope jeusi, na nzi wanakuja kwa ukoo. Mama Dobi, yule mfua nguo anayepakana na uzio, anasema shuka za wateja wake zinarudi chafu kuliko zilivyokuja. Amepeleka mashtaka, na mwenyekiti wa mtaa amekuja na leso puani, ametoa wiki mbili: harufu iishe au shamba lifungwe. Wanafunzi walikuwa saba. Watano wamekimbia kabla hawajaandikwa daftarini. Tumebaki mimi na bibi mmoja ambaye pua yake haifanyi kazi.

Kwa hiyo furahi, unashinda. Ila mimi sikufurahi, sijui kwa nini. Jana dada yako alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaangalia lile tope, akaniambia, "Wembe, mgonjwa huyu nimemfanyia kila kitu ninachokijua." Mimi sijawahi kumsikia Nesi akiongea kwa sauti ndogo.

Wembe

Suruali nimeipata, asante. Lakini mifuko yote miwili umeishona ikafungwa. Ni mtindo mpya?


Mjini, 12 Aprili

Wembe!

Mmelikanda kwa maji baridi? Wote mna akili timamu? Joto la lundo si homa, joto ndiyo kazi yenyewe! Ndivyo linavyoiva! Lisipopata joto linaoza, na likioza linanuka, na hapo hata mwenyekiti ana haki.

Fanya hivi, upesi. Lipangueni lote. Changanyeni majani makavu kwa wingi, na mabua yaliyokatwakatwa, mpaka ukilifumbata kiganjani likulowanishe kidogo lakini lisidondoshe tone. Lirundikeni upya, lifike kiunoni, lifunikeni na magunia, kisha MWACHENI MGONJWA APATE HOMA. Baada ya siku chache ligeuzeni, nje iende ndani.

Nitakuambia nimejuaje, na ufe nalo. Nilikuwa na miaka saba. Mama alikuwa na lundo la majani na samadi nyuma ya banda la kuku, lilikuwa linafuka moshi asubuhi. Nikaiba yai, moja katika yale aliyokuwa anamwekea kuku aatamie, nikalifukia katikati ya lundo. Jioni nikalifukua limeiva, nikalila na chumvi. Sijala yai tamu kama lile mpaka leo. Mama alipohesabu mayai, alimchapa dada, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa banda. Fimbo sita. Nilisimama mlangoni nalia kuliko yeye, watu wakasema jamani mtoto huyu ana huruma. Sikusema neno.

Mweleze kama jambo ulilolisikia mahali. Usinitaje. Nataka ashindwe kwa haki, asishindwe kwa ndoo za maji.

Sindano

Mifuko ndiyo mtindo. Wezi wa mifukoni ni wengi.


Shambani, 5 Mei

Mdogo wangu,

Mimi mzima. Wewe sijui, na baada ya barua hii sitaki kujua.

Nianze na habari njema, maana mama mzazi huambiwa kwanza mtoto ni mzima. Mgonjwa amepona. Harufu imeisha. Lundo limepata joto la kumtoa mtu jasho, tukaligeuza, likapata tena. Ukilifukua sasa linanukia kama udongo baada ya mvua ya kwanza. Mwenyekiti alikuja na leso, akaikunja akairudisha mfukoni. Mama Dobi kapitisha pua kwenye kila kona akitafuta kosa, halikupatikana, akasema na yeye aandikwe. Ni nambari tano. Maji yake ya kusuuzia tunamwagilia migomba. Waliokimbia wamerudi wawili, na wamekuja wapya. Nimefika nambari tisa.

Sasa tuje kwenye kesi.

Jumamosi nilimwomba Wembe awaeleze wenzake elimu hiyo ya joto kaitoa wapi. Akasimama, akakohoa, kichwa kimemvimba kwa makofi. Akasema, "Lundo likiiva sawasawa linachemsha hata yai. Rafiki yangu mmoja, alipokuwa na miaka saba, aliiba yai la mama yake nyuma ya banda..." Akasimulia yote! Mpaka chumvi! Mpaka fimbo sita za dada mtu! Watu wanacheka, wanapigana mabega. Mimi nimesimama na koleo mkononi, sicheki.

Nikamuuliza taratibu, "Huyo rafiki yako ana dada wangapi?" Mdogo wangu, nimewahoji wanaume waliokana mimba huku mtoto ana pua yao. Kinyozi atanishinda? Hakumaliza dakika. Kasema kila kitu: upelelezi, barua, "uwe macho yangu." Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zenyewe kumbe umeshona wewe.

Wembe nimemhukumu kugeuza lundo kila Jumamosi mpaka niseme basi. Wewe sijui nikuhukumu nini. Miaka hamsini na mitatu! Mama amekufa anajua mimi ndiye mwizi wa yai. Kwenye harusi yangu, mbele ya wakwe, alisema, "Binti yangu huyu hana kasoro, ila mfiche mayai." Nawe ulikuwa meza ya mbele, unakula.

Lakini nitasema na hili, maana mimi si mnyimi wa haki. Bila yai lako la wizi, shamba lingefungwa. Elimu ile ulikuwa nayo wewe peke yako.

Mbona huji? Nimekuuliza barua ya nne hii. Kila mara oda, oda. Hao watu wa mji wanavaa nini, mapazia?

Dada yako


Mjini, 20 Mei

Dada,

Kwa yai, nisamehe. Nimeandika mstari huu mara tatu na kila mara unakuwa mfupi. Nilitaka kusema siku ile ile. Kesho yake ikawa vigumu kidogo, na keshokutwa vigumu zaidi, halafu nikawa na ndevu.

Kwa Wembe, ni kweli nilikosea.

Lakini makubaliano ni makubaliano. Wembe anasema nambari moja hayupo, hajawahi kuwepo. Dada yangu, hata serikali huwakamata watu kwa majina hewa. Nitahesabu waliofika kwa miguu yao. Kumi na wawili, si kumi na mmoja na kivuli.

Kuja siwezi. Oda za shule.

Mdogo wako


Saluni, 24 Juni

Sindano,

Hii ni barua ya kujiuzulu. Upelelezi basi. Nilikuja kuhesabu watu, sasa nina kitanda changu mwenyewe cha maharage, na kadi yake inasema siku ya kujifungua ni Alhamisi. Usinitafute Alhamisi.

Ripoti ya mwisho. Mfyatua matofali alikuja na kamba kupima kiwanja. Nesi akamwambia, "Pima, lakini nawa mikono." Akanawa. Alipofika kwenye lundo, kamba yake ikapita juu, akaweka kiganja, akashtuka. "Hili linachomwa na nini?" Hapo amekwisha. Bibi asiyenusa akaanza kumsomesha, Mama Dobi akamkosoa bibi, mimi nikawakosoa wote wawili, na mpaka jua linakaa utosini yule bwana alikuwa amevua shati anageuza mboji. Kaandikwa nambari kumi na moja. "Tatizo, haraka. Tiba, kungoja." Anasema matofali bado anayataka, lakini Jumamosi hakosi.

Nambari kumi na mbili nimemleta mimi. Nilimnyoa mteja nusu kichwa, nikamwambia nusu iliyobaki inanyolewa shambani. Alikuja kwa hasira, sasa haondoki.

Kwa hiyo nambari zimetimia kumi na mbili, ila waliofika ni kumi na mmoja, kwa sababu ya huyo nambari moja wako wa hewa. Nilimwambia Nesi, "Dada, tumfute, nikakamate mtu mwingine barabarani. Siku zipo!" Nusura nile koleo. Alisema, "Nafasi ya mtu haifutwi." Ndugu yangu, anapoteza shamba kwa ajili ya mstari mmoja wa daftari, na hataki msaada. Nimeshindwa. Mwambie wewe.

Wembe


Shambani, 30 Juni

Mdogo wangu,

Waliofika ni kumi na mmoja. Nambari moja hajafika.

Nilisema akipungua mmoja natia saini. Nimetia. Karatasi ya mfyatua matofali imo humu, inangoja saini yako tu. Tuachie siku za kuvuna maharage ya Wembe, asije akalia mbele za watu.

Nimechana pia ukurasa wa kwanza wa daftari, nakutumia. Kama mwandiko ni mdogo, mpe mtu akusomee.

Dada yako


Mjini, 11 Julai

Dada,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa mama muuza chai wa hapa nje. Mimi nasema, yeye anaandika, na ameniambia nikidanganya ataacha.

Karatasi yako niliishika siku tatu. Nilijua ni saini, nikasema nimeshinda, mbona siachi kuishika. Siku ya nne nikampa huyu mama ukurasa wa daftari, maana mwandiko wake mdogo ulinishinda. Alisoma, akasoma tena kwa sauti:

"Nambari 1. Mdogo wangu. Siku ya kufika..." patupu. "Tatizo: macho, na kuficha. Tiba: arudi nyumbani."

Tarehe ya kuandikwa ni Machi mosi. Dada, ulijua tangu Machi!

Basi nasema. Hakuna oda. Duka nimelifunga tangu Januari. Nilianza kwa kukosa tundu la sindano, nikaishia kumshonea bwana harusi mkono wa kulia begani kushoto. Daktari anasema kilichopotea hakirudi, kilichobaki kitakaa. Mchana kutwa nakaa kwenye benchi la huyu mama, nasikiliza cherehani za watu wengine. Nilitaka ile kodi ya kiwanja ili nisije kwako mikono mitupu, niwe mgonjwa wa kitandani kwako wakati umeshastaafu wagonjwa. Niliona aibu. Naona aibu hata sasa, na mama wa chai analia, anailowesha karatasi.

Karatasi ya matofali nimeikata vipande vyembamba. Macho yamesahau, mkasi haujasahau. Viko humu kwenye bahasha. Je, karatasi inaiva kwenye lundo? Hilo sikuwahi kujaribu.

Nimechelewa, lakini naomba nafasi, kama bado ipo.

Mdogo wako


Shambani, 19 Julai

Nambari moja,

Karatasi inaiva. Iloweshwe kwanza, na mama wa chai kashatusaidia.

Nilijua kwa mwandiko wako, halafu nikaiona suruali ya Wembe. Fundi aliyenishonea sare thelathini na minane bila uzi kupinda, leo anaziba mifuko na kuita mtindo? Nilingoja useme mwenyewe. Mficha uchi hazai, hilo nimewaambia wanawake miaka yote ile, sikudhani nitalihitaji kwa mwanaume wa miaka sitini. Wakati unazaliwa nilikuwa na miaka sita, mimi ndiye niliyeshika kitambaa ulichofungwa, na siku hiyo ndiyo nilijua nitakuwa mkunga. Wa kwanza kwenye daftari langu angekuwa nani mwingine?

Usije ukidhani unakuja kulala. Kujua joto la lundo hakutaki macho, kunataka mkono na mtu anayekumbuka lundo la Mama. Hapa hakuna mwenye vyote viwili ila wewe. Jumamosi darasa ni lako. Wembe amehuzunika kushushwa cheo, atakupokea stendi, na amesema atakunyoa kichwa chote.

Mfyatua matofali naye ameuliza kama huyo nambari moja ni mkali. Nimemwambia ni mwizi.

Unawe mikono. Na uje na yai. La Mama lilikuwa moja, lakini wewe lete mawili, na chumvi. Fimbo sita nilizipata zote, yai lenyewe sikulionja.

Dada yako